Kutambuana kwa mamlaka za udhibiti wa dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wafamasia, waagizaji wa dawa, wanafunzi wa sheria za biashara na wakati mwingine maofisa wa serikali wanaotumwa mkutanoni bila kupewa muda wa kusoma. Mfano mkuu tuliouchagua ni makubaliano ya Marekani na Umoja wa Ulaya kuhusu ukaguzi wa viwanda vya dawa, kwa kuwa upimaji wake ulifanywa hatua kwa hatua na matokeo yake yakatangazwa hadharani. Afrika Mashariki inafuata baadaye, pamoja na kisa cha mahindi.

Makubaliano ya kutambuana ni nini hasa?

Ni ahadi kati ya serikali kwamba kazi ya udhibiti ikishafanywa vizuri na upande mmoja, upande wa pili hautairudia. Kiwanda cha vidonge kilichoko Italia kikikaguliwa na wakaguzi wa Italia, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, husoma ripoti yao badala ya kutuma watu wake. Bila makubaliano, kiwanda hichohicho kinaweza kupokea wageni wa pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja, wakifungua mafaili yaleyale na kuuliza maswali yaleyale, huku kiwanda kingine mahali pengine kikikaa miaka bila kutembelewa na mtu.

Msingi wa kimataifa upo. Tangu 1995, mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia kuhusu vikwazo vya kiufundi unawataka wanachama wafikirie kwa nia njema kuzikubali kanuni za wenzao, hata zikitofautiana na zao, mradi wameridhika kwamba zinafikia lengo lilelile. Lakini kufikiria kwa nia njema hakumbani mtu. Ndiyo maana nchi zinazotaka jambo litendeke huandika makubaliano yao wenyewe, sekta kwa sekta.

Kwa hiyo dawa iliyosajiliwa Marekani inauzwa Ulaya moja kwa moja?

Hapana. Usajili ni uamuzi kwamba dawa inatibu, ni salama na faida yake inazidi madhara yake. Uamuzi huo kila upande umebaki nao. Kinachotambuliwa ni ukaguzi wa kiwanda tu: je, mahali hapa panafuata kanuni za utengenezaji bora wa dawa, zile ambazo wafamasia huzitaja kwa herufi GMP? Wauzaji wengine hupenda kuyachanganya haya mawili wanapomshawishi mnunuzi.

Ulinganifu maana yake ni sheria kufanana?

La, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Chukua jambo moja. Katika Umoja wa Ulaya hakuna toleo la dawa, yaani fungu lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja, linaloruhusiwa kuingia sokoni mpaka mtaalamu mwenye dhamana, mtu mmoja anayetajwa kwa jina kwenye leseni, alithibitishe kwa sahihi yake. Akikosea, anawajibika yeye binafsi. Marekani haina cheo hicho. Kule sheria inaweka mamlaka ya kukubali au kukataa toleo mikononi mwa kitengo cha ubora cha kiwanda, na kampuni ndiyo inayobeba mzigo. Tofauti nyingine iko kwenye ripoti: wakaguzi wa Ulaya hupanga kasoro kwa uzito, kuanzia zile za hatari hadi ndogo, ilhali fomu ambayo mkaguzi wa FDA anamwachia mwenye kiwanda siku ya mwisho huorodhesha alichokiona bila kukipa daraja, na daraja la ukaguzi wote hutolewa baadaye ofisini.

Mwenye kupima ulinganifu hajiulizi ni upande gani una utaratibu mzuri zaidi. Anajiuliza kama toleo bovu lingenaswa pande zote mbili. Jibu likiwa ndiyo, tofauti za fomu na vyeo zinaachwa zilivyo. Ikiwa hapana, hata sheria zilizonakiliwa neno kwa neno hazisaidii kitu.

Upimaji wenyewe unafanywaje?

Kwanza ieleweke nani anayepimwa. Mlengwa ni mkaguzi na ofisi iliyomtuma, wala si kiwanda.

Kazi huanza mezani. FDA ilipata ruhusa ya kuutegemea ukaguzi wa nchi nyingine kwa sheria iliyopitishwa na bunge la Marekani mwaka 2012, na ruhusa hiyo ina sharti: ijiridhishe kwanza kwamba mamlaka hiyo ina uwezo wa kukagua kwa kiwango kinachokidhi matakwa ya Marekani. Kwa hiyo kila mamlaka ya Ulaya ilitakiwa kupeleka mzigo wa nyaraka: sheria zake za GMP, sera ya mgongano wa maslahi, kumbukumbu za mafunzo ya wakaguzi, miongozo ya kazi, orodha ya viwanda vilivyo chini yake, na ripoti halisi za ukaguzi uliokwisha kufanyika.

Hizo ripoti, kwa maoni yetu, ndizo zinazosema kweli. Sheria inaweza kuandikwa na mshauri mwelekezi kwa wiki chache na mwongozo unaweza kunakiliwa. Lakini ripoti ya mkaguzi aliyekaa siku nne kiwandani haifichi kitu: utaona alikwenda wapi na hakwenda wapi, aliomba kumbukumbu gani, alipoambiwa mashine ilisimama usiku aliendelea kuuliza au aliandika tu na kusonga mbele. Utaona pia kama kasoro zilifuatiliwa hadi zikafungwa, au barua ilitumwa na habari ikaishia hapo.

Baada ya karatasi huja macho. Umoja wa Ulaya una mpango wake wa ndani ambamo wakaguzi kutoka nchi nyingine wanachama huikagua mamlaka ya mwenzao, ikiwa ni pamoja na kuwafuata wakaguzi wake kiwandani na kuwaangalia wakifanya kazi. Mpango huo hutumia orodha ya vipengele inayofanana na ya PIC/S, umoja wa mamlaka za ukaguzi wa dawa uliotokana na mkataba wa 1970 na ambao FDA ilijiunga nao mwaka 2011. Kuanzia 2014 FDA ikaanza kushiriki kama mtazamaji. Fikiria hali ilivyo: mkaguzi anakikagua kiwanda, wenzake wanamkagua yeye, na Mmarekani amekaa nyuma akiandika jinsi wanavyomkagua. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato ya kujua kama mtu anajua kazi yake.

Ulaya nayo iliipima FDA. Juni 2017 Tume ya Ulaya ilithibitisha kwamba FDA ina uwezo, nyenzo na taratibu za kukagua kwa kiwango kinacholingana na cha Ulaya.

Kulikuwa na fundo lingine ambalo halikuhusu utaalamu hata kidogo: siri za biashara. Ripoti ya ukaguzi ina mambo ambayo mshindani angelipia pesa nyingi kuyajua, na kwa muda mrefu FDA ilizituma ripoti zikiwa na sehemu zilizofutwa kwa wino mweusi. Ripoti yenye mashimo haiwezi kuchukua nafasi ya ukaguzi. Agosti 2017 pande mbili zikatiliana ahadi ya usiri iliyoruhusu ripoti kamili kupita.

Kwa nini ilichukua karibu miaka 20?

Makubaliano ya kwanza ya kutambuana kati ya Marekani na Ulaya yalitiwa saini mwaka 1998, na kiambatisho cha dawa kilikuwamo. Kilipewa miaka mitatu ya mpito ya kupimana. Miaka ikaisha, upimaji haukuisha, na kiambatisho kikabaki maandishi tu. Sekta nyingine ndani ya makubaliano yaleyale, kama vifaa vya mawasiliano, ziliendelea.

Tunavyoona sisi, kosa la 1998 lilikuwa la mpangilio: ahadi ilitangulia, kazi ikafuata, na tarehe ya mwisho ikawekwa na watu wa biashara waliokuwa hawajui kusoma kazi ya mkaguzi mmoja kunachukua muda gani. Mara ya pili mambo yaligeuzwa. Kutazamana kulianza 2014, kiambatisho kipya kikakubaliwa 2017, na tarehe 1 Novemba 2017 FDA ikaanza na nchi 8 tu ilizokuwa imekwisha kuzipima: Austria, Hispania, Italia, Kroatia, Malta, Sweden, Ufaransa na Uingereza. Nyingine ziliongezwa kwa makundi madogo. Ujerumani, ambako ukaguzi hufanywa na mamlaka za majimbo, ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Slovakia ikafunga orodha ya nchi zote 28 za wakati huo tarehe 11 Julai 2019.

Kwa nini kila nchi ya Ulaya ilipimwa peke yake?

Kwa sababu sheria ya Ulaya ni moja, wakaguzi ni wa kila nchi. Bajeti ya Malta si bajeti ya Ufaransa.

Mwagizaji alipata nini baada ya Julai 2019?

Alipunguziwa kazi ya maabara. Kwa kawaida dawa inayoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje hupimwa upya kila toleo kabla mtaalamu mwenye dhamana hajaliruhusu, hata kama ilipimwa ilikotoka. Mpaka nchi ya mwisho ilipokubaliwa, dawa za Marekani zilibeba mzigo huo. Kuanzia tarehe hiyo mtaalamu wa Ulaya anaweza kuyategemea majibu ya maabara ya Marekani, mradi dawa imetengenezwa kule na masharti ya makubaliano yametimizwa.

Faida ya mamlaka zenyewe huenda ni kubwa zaidi, ingawa haiingii kwenye hesabu za mtu: wakaguzi waliokuwa wakienda Dublin au New Jersey wanaweza kupelekwa India na China, ambako sehemu kubwa ya malighafi za dawa za dunia hutengenezwa.

Nini hakimo?

Damu ya binadamu, plasma, tishu na viungo vimeachwa nje, pamoja na dawa za kinga za mifugo. Chanjo za binadamu na dawa zinazotokana na plasma ziliwekwa kando ili zijadiliwe baadaye. Dawa za kawaida za mifugo zilianza kuingizwa Mei 2023, kwa baadhi ya nchi wanachama.

Na daima soma kipengele cha akiba. Kila upande umejiwekea haki ya kukikagua kiwanda wenyewe ukiona sababu.

Mamlaka ikishakubaliwa, imekubaliwa milele?

Hapana. Lazima ibaki ilivyokuwa, na mwenzake akibadilika ibadilike naye. Kuna ufuatiliaji wa kudumu, na utambuzi unaweza kusimamishwa.

Mifano miwili inatosha. Uswisi ilikuwa na makubaliano ya kutambuana na Umoja wa Ulaya tangu 2002, yakiwamo ya vifaa tiba. Tarehe 26 Mei 2021 Ulaya ilianza kutumia kanuni mpya ya vifaa tiba, na sura ya vifaa tiba katika makubaliano yale haikuhuishwa ili iendane nayo, kwa sababu ya mvutano wa kisiasa kuhusu uhusiano mzima wa pande hizo mbili. Siku hiyo watengenezaji wa Uswisi wakawa wageni: walihitaji mwakilishi ndani ya Umoja wa Ulaya na lebo mpya. Mashine zao zilikuwa zilezile za juzi.

Uingereza nayo ilipotoka Umoja wa Ulaya, mkataba wa biashara ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2021 ulihifadhi utambuzi wa ukaguzi wa viwanda vya dawa, lakini haukuhifadhi utambuzi wa vipimo vya maabara vya kila toleo. Nchi iliyosaidia kuziandika kanuni zenyewe ikakuta vipimo vyake havitoshi tena. Anayedhani ulinganifu ni suala la sayansi tupu aitazame hiyo.

Kutegemea na kutambua ni kitu kimoja?

Ni ndugu, lakini si pacha. Mamlaka inapotegemea, inatumia kazi ya mwenzake kama ushahidi na kisha inaamua yenyewe, na inaweza kufanya hivyo bila mkataba wowote na bila mwenzake kuijali. Inapotambua, imejifunga kisheria kuyakubali matokeo. Nchi nyingi za Afrika zinategemea maamuzi ya Ulaya na Marekani. Ulaya na Marekani hazijafunga makubaliano ya kutambua ukaguzi wa Afrika Mashariki. Barabara hii kwa sasa ina njia moja.

Tanzania si ilifikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani? Haitoshi?

Ilifikia, na ilikuwa ya kwanza Afrika. Shirika la Afya Duniani hupima mamlaka za dawa kwa ngazi nne, na Desemba 2018 mamlaka ya Tanzania, wakati huo ikiitwa TFDA, ilitambuliwa kuwa katika ngazi ya tatu, yaani mfumo imara unaofanya kazi. Mwaka uliofuata shughuli za chakula zilihamia TBS, shirika la viwango la Tanzania, na jina likawa TMDA. Rwanda ilifika ngazi hiyo mwaka 2024.

Je, inatosha? Inategemea kwa kazi gani. Ngazi ya tatu inaipa nchi nyingine sababu nzuri ya kuitegemea TMDA, lakini haimlazimishi mtu. Pia kipimo hicho ni kipana: kinaangalia usajili, ufuatiliaji wa madhara, maabara, majaribio ya dawa na mengineyo, ilhali makubaliano ya ukaguzi huzama kwenye jambo moja. Hata hivyo nyaraka zinazokusanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ni zilezile ambazo mamlaka nyingine ingeziomba kwanza, kwa hiyo kazi hiyo haipotei.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hali ikoje?

Mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa ulizinduliwa Arusha Machi 2012. Wataalamu wa nchi wanachama hukaa pamoja kutathmini faili la dawa na huenda pamoja kukagua kiwanda. Huko ndiko kutazamana kunakofanyika kwa vitendo: mkaguzi wa Kampala na wa Dodoma wakiwa ndani ya chumba kimoja cha uzalishaji hawahitaji mtu wa tatu awaambie nani makini. Lakini kazi ya pamoja ikiisha, uamuzi wa kusajili unarudi kwa kila nchi, na mwenye dawa hulazimika kufuatilia mlango kwa mlango. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, unatarajiwa kulisukuma jambo hili katika bara zima.

Mahindi yaliyozuiwa mpakani 2021 yanahusiana vipi na haya?

Yanahusiana kabisa, na ndiyo mfano tungewapa wanafunzi kabla ya ule wa Marekani na Ulaya.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sasa angalia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinasema 10 vilevile. Na Jumuiya ina sheria ya viwango na upimaji tangu 2006, ambayo shabaha yake ni bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja kupokelewa katika nyingine bila kupimwa tena.

Kanuni ilikuwa moja, nambari ilikuwa moja, na bado malori yalisimama. Kilichopungua ni imani kwamba cheti cha upande ule kinasema ukweli kuhusu mzigo huu. Na kwa sumukuvu imani hiyo ni ngumu kuijenga, kwa sababu kuvu haisambai sawasawa ndani ya nafaka: gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake likawa limeoza kwa sumu. Sampuli mbili kutoka lori moja zinaweza kutoa majibu yanayopingana huku maabara zote mbili zikiwa sahihi. Kwa hiyo ulinganifu hapa unaanzia kabla ya maabara, kwenye bambo linalochomekwa gunia: magunia mangapi, kutoka pande zipi za mzigo, sampuli ikachanganywaje. Baadaye ndipo ziulizwe ithibati za maabara na mazoezi ya pamoja ambamo maabara za nchi zote hupewa unga uleule na majibu yao yakalinganishwa. Mikutano ya mawaziri huzungumzia kiwango. Ni nadra kusikia ikizungumzia bambo.

Makubaliano ya wahasibu na wahandisi nayo yamo humu?

Yanatumia jina lilelile, lakini yanapima watu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wasanifu majengo na wahasibu walitiliana makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi 2012. Huko bodi za taaluma ndizo zinazolinganisha elimu, mitihani na uzoefu. Kibali cha kazi ni habari nyingine, na wengi wamegundua hivyo wakiwa wameshafunga mizigo.

Nimepewa cheti cha GMP cha Ulaya na muuzaji. Nikiangalie vipi?

Usikiangalie kwenye karatasi aliyokuletea. Umoja wa Ulaya una hifadhidata iliyo wazi kwa umma, EudraGMDP, yenye vyeti vilivyotolewa na pia matangazo ya viwanda vilivyoonekana kukiuka kanuni. Tafuta kwa jina na kwa mahali, kisha usome vitu vitatu.

Anwani kwanza. Cheti ni cha eneo, si cha kampuni, na kampuni moja inaweza kuwa na kiwanda kizuri mjini na kibovu kilomita 40 nje ya mji. Pili, shughuli zilizokaguliwa: cheti cha vidonge hakisemi lolote kuhusu sindano. Tatu, tarehe ya ukaguzi, ambayo ni tofauti na tarehe ya kutolewa cheti. Cheti chenyewe huandikwa kwamba kisitegemewe baada ya miaka mitatu tangu siku ya ukaguzi, isipokuwa kama mamlaka imeeleza vingine.

Ukikuta kila kitu kiko sawa, bado mamlaka ya nchi yako ndiyo inayoamua kama itakipokea, itapitia nyaraka tu, au itatuma wakaguzi wake. Waulize kabla hujalipa malipo ya awali, na uombe jibu kwa maandishi.